Nilifuta Uganga wa Kufufua, Sasa Namwogopea Kaka Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana jambo langu limeanzia kwenye mchezo na sasa linaninyima usingizi. Mimi ni karani wa ghala, na kila Jumamosi mchana kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, na jirani yetu, mwalimu wa hesabu, huja kwangu tukacheza mchezo wa mezani ambao kila mtu ana mhusika wake katika nchi ya kubuni, mimi nasimulia yanayowapata, na penye hatari tunatupa dadu. Kitabu cha mchezo tulikinunua, lakini kanuni zake hazikuikaa nchi niliyoibuni, nchi ya mabwawa na ukungu, kwa hiyo nikazikata na kuzishona upya: mavazi ya chuma yanashika kutu, kuni mbichi haziwaki, kidonda hakiponi kwa neno moja, na ule uganga wa kufufua wafu nikaufuta kabisa, kwani kwangu mto ukimchukua mtu haumrudishi, na wenzangu wakakubali, wakasema sasa mchezo una uzito.

Mshauri, wifi yangu, mke wa kaka, alifariki mwaka jana kwa presha, kaka akiwa karakana. Alikuwa mshonaji. Mhusika wa kaka ni mwanamke anayeshona majeraha ya wapiganaji, na kidogo kidogo mwanamke huyo akaanza kuongea kama wifi, anaguna kwanza ndipo ajibu, anatuita sote "wanangu" hata tukiwa tumemzidi umri, nasi tukacheka, ikawa kama marehemu amevuta kiti akakaa nasi, na mimi nikaona raha nikanyamaza.

Jumamosi iliyopita nyoka wa bwawani akamuuma mshonaji. Kwa kanuni yangu sumu inaamuliwa na dadu, mara moja tu, kikao kinachofuata. Kaka akauliza, "Na akifa?" Kabla sijafungua mdomo mwalimu akasema, "Sheria ni msumeno, fundi. Mto ukichukua umechukua." Kaka akatabasamu, tabasamu nisilolijua. Tulipokuwa tunaosha vikombe akaniambia polepole, "Wakimchukua mara ya pili, mdogo wangu, mimi sibaki." Kesho yake akaniletea cherehani ya wifi, akasema nyumbani inamzibia njia tu, naye ndiye aliyekuwa haruhusu mtu hata kuigusa.

Nimejizoeza kuficha dadu nyuma ya kitabu ili nidanganye, lakini kaka anausoma uso wangu tangu utotoni. Nikirejesha uganga wa kufufua, atajua namhurumia. Nikiiachia dadu, naogopa hata kumalizia sentensi. Niambie, nibadilishe kanuni au niziache?

Msimulizi mwenye hofu

*

Msimulizi, barua yako niliisoma nimesimama, na sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia pale pale, kwa namba uliyoiandika chini ya barua. Yaliyofuata nayasimulia hapa kwa idhini yako na ya kaka yako, kwa sababu wako wasomaji wenye ndugu kama huyu.

Umeniuliza habari za kanuni. Mtu anayesema "sibaki", kisha akagawa kitu cha marehemu alichokuwa akikilinda, hazungumzii mchezo. Ulilisikia hilo, ndiyo maana huna usingizi, lakini ukakimbilia kwenye dadu kwa kuwa dadu unaiweza. Nakuelewa. Nakugombeza pia.

Nilikuambia uende karakana na umuulize kwa neno lenyewe, bila kuzunguka. Ukaniambia, "Nikimuuliza si nitampa wazo?" Hapana. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa mlango. Ukaenda, ukamkuta amekaa juu ya mtungi wa gesi, mashine imezimwa, ukamuuliza, "Kaka, unafikiria kujiua?" Akasema, "Nilidhani hakuna atakayeuliza."

Mlikwenda hospitali siku ile ile, mwalimu naye mkamwita, akawashika wote wawili mikono kwenye benchi, yeye na msumeno wake wa sheria. Sasa kaka yako analala kwako, ana daktari wa kuzungumza naye, na asubuhi anakula. Hajapona. Yupo.

Haya, kanuni zako. Kufuta ufufuo si kosa. Nchi yenye mto usiorudisha mtu inaweza kuwa hadithi nzuri sana. Kosa lako ni kwamba ulizipima kanuni kwa ukungu, kwa kutu na kwa kuni mbichi, usizipime kwa watu waliokaa mezani. Kabla ya kuanza ungemuuliza kila mmoja ni jambo gani hataki kukutana nalo humo. Mfiwa angekujibu.

Usidanganye dadu. Akikugundua, atakosa hata wewe wa kumwamini. Uganga nao usiurudishe kwa siri. Funga mchezo mpaka daktari na yeye mwenyewe waseme ni salama kuurudia. Siku mkirudi, suala la mshonaji lisitupiwe dadu kabisa: kaka yako ndiye aseme kama anabaki, anastaafu, au anaagwa, na kama anaagwa, mwachie muda wa kumlilia, maana nahisi wa kwanza hakumlilia.

Leo usipange hadithi yoyote. Vyombo vyenye ncha na dawa zote viweke mbali, mwalimu apokezane nawe zamu, na miadi ya daktari msiikose hata kama kaka anasema amepata nafuu. Akitaka kuongea juu ya mkewe, msikilize. Akinyamaza, kaa naye hapo hapo, wala usitafute la kusema.