Nani Alikukula, Kapiteni?

Trésor, rafiki yangu,

Najua ungeanza na swali gani. Usingeuliza habari ya afya yangu wala ya mvua. Ungeuliza lile la kila Jumapili, kabla hatujakaa vizuri kwenye viti vya plastiki vya uani kwenu: "Bon, munashuku nani?"

Basi nakujibu. Nilimshuku Blaise. Nilimshuku tantine wako, yule shangazi aliyekuja kutoka Kindu. Nilimshuku hata yule mama anayekaanga mikate ya mafuta mbele ya lango lenu, kwa sababu alianza kunisalimia kwa adabu mno. Na wote hao walinishuku mimi. Tangu uende, mtaa wetu wa Kabondo umekuwa filamu ya aina uliyoipenda, ila safari hii mnyama ni mimi.

Siwezi kukusimulia bila hasira. Nivumilie.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya. Blaise, kwa kuwa anatengeneza simu sokoni, ndiye aliyetujazia filamu kwenye kadi zetu: za vyombo vya angani, za roboti zinazoasi, za nyumba zenye mashetani. Kila mtu alitazama kwake wiki nzima, chaji ya simu ikiruhusu, kisha Jumapili baada ya misa tukaja kwenu kugombana. Sisemi kujadiliana. Tuligombana. Wewe ulishikilia kwamba filamu za angani zinaandikwa na watu wasiojua kukatiwa umeme. "Courant inaenda dakika moja, wanaanza kuuana! Na siye huku iko giza, tunakula." Ulisema nyumba ikianza kulia yenyewe, mtu wa Kisangani hashuki chini kuangalia kuna nini, anahamia kwa jirani, na filamu inaishia hapo. Blaise alipenda zile za damu nyingi, ukamwambia damu nyingi ni uvivu wa kufikiri. Mimi nilisema nimechoka na wanawake wanaokimbia hatua mbili na kuanguka, utadhani hawajawahi kukimbia mvua na beseni kichwani. Na kilichokuudhi kuliko vyote ni kile chombo cha angani ambacho mtu akifa wanamsukuma nje kwa mlango, kisha wanaendelea kunywa kahawa. Ulisimama kabisa. "Hakuna matanga? Hata siku moja? Hawa njo wanyama, si ule wa meno!"

Ndiwe uliyetufundisha kushuku. Anayecheka sana mwanzoni, mshuku, jicho lako lisimwache. Daktari wa chombo, mshuku. Anayesema tugawanyike, wengine huku na wengine kule, huyo usimshuku, huyo ni mjinga tu. Blaise alikuwa anacheka sana, nami nilikuwa nakukonyeza, na wewe ulikuwa unajifanya hujaona.

Tena kulikuwa na mchezo wetu. Kabla ya filamu mpya kila mmoja alichagua upande wake, akarekodi odio ya kuwatisha wengine, akaituma kwenye kundi letu la simu. Wewe ulikuwa Kapiteni siku zote, hata filamu isipokuwa na chombo wala jeshi. Masihara yalijileta yenyewe, maana katika mji huu kapiteni ni samaki, tena ndiye samaki ambaye mama yako anauza pale ufukoni mwa mto. Mimi nilichukua upande wa mnyama. Wewe Kapiteni, mimi mwenye meno, na kazi yangu ilikuwa kukukula.

Neno lenyewe ndilo hilo. Nililitamka mara nyingi nikicheka, na sasa nalikwepa. Wewe unajua linavyosikika kwetu likitoka katika mdomo mwingine. Mtu kijana akila lituma yake ya ndizi za kuponda jioni akiwa mzima, kisha muda si muda yuko chini ya udongo, watu hawaulizi alikuwa na ugonjwa gani. Wanauliza nani alimukula kwa uchawi.

Ulipata homa. Tulidhani ni malaria, ile ambayo sote tunaugua na kupona. Ukalazwa hospitali, ukanitumia picha ya mpira wa serumu mkononi, ukaandika kwamba roboti wamekukamata hatimaye. Nilicheka. Nikakujibu kwamba nitakuja kesho na ndizi. Kesho yake nilikuja na ndizi, nikakuta kitanda kimetandikwa. Trésor. Hata sasa sijui zile ndizi niliziacha wapi.

Kwenye matanga tulikuja kundi zima. Nilikuwa nalia tangu barabarani. Nilipofika chini ya turubai, tantine wako alisimama, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Mumuangalie! Ndoki anakuja kulia mutu alikula ye mwenyewe!" Mimi, mchawi! Wimbo ulikatika. Nilimtafuta mama yako kwa macho, maana yeye ndiye aliyekuwa akiniita mutoto yangu, yeye aliyekuwa akinifichia kichwa cha samaki kwenye sahani. Alikuwa mkekani. Alinitazama, halafu akavuta kitenge chake karibu na miguu ili kisiniguse. Hicho ndicho kilichonitoa pale, si kidole cha tantine.

Sikuweza hata kukuzika. Nilisikia tu baiskeli za toleka zikipita na watu waliotoka makaburini, wakizungumza chini chini walipofika mbele ya mlango wangu.

Unajua kazi yangu ni kusuka. Sasa nani atampa ndoki kichwa chake? Nywele za mtu zikibaki kwenye vidole vya ndoki, amekwisha. Wateja wangu walipata safari wote kwa pamoja, mmoja Ubundu, mwingine Opala, mwingine kumwona mgonjwa Yanonge, na baadaye nikawaona njiani wamesukwa vizuri kabisa. Mama wa mikate alikuwa akinipa mikate yangu kwa ncha za vidole na kunitakia siku njema mara mbili. Halafu nikasikia kwamba siku ya kumaliza msiba na kuvua nguo nyeusi familia itataja jina la aliyekukula mbele ya watu. Nawe unajua aliyetajwa namna hiyo anaishi vipi hapa mjini. Au haishi.

Na mimi sikujua hata kosa langu ni nini! Ndipo nikatumia sheria yako. Nani alicheka sana? Nikaenda kibandani kwa Blaise.

Hakucheka siku hiyo. Alikiri kwamba familia ilimwita kufungua simu yako, akaifungua, akaondoka. Baadaye wakamwambia kwamba mama yako amesikia odio yangu. Nikamuuliza ipi. Akaangalia chini, akasema ile ya kukula. Basi nikamshuku maradufu. Odio zetu ni nyingi hivyo, mama wa watu ambaye hata kuandika ujumbe hajui, aliifikiaje hiyo moja bila mkono wa mtu? Tuliwahi kugombana naye juu ya filamu moja ya mdoli, nilimwambia ana ladha ya mchinjaji, na alinuna. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, maana ungeyacheka, na mimi bado sitaki kucheka.

Nyumbani nilifungua simu yangu nikajisikiliza. "Kapiteni, leo njo mwisho yako! Miye iko munyama. Nitakukula wa kwanza, na lituma na pilipili, na mama yako atalia bure!" Niliituma siku chache tu kabla ya homa. Sauti yangu ilikuwa na furaha mbaya, ile tuliyoifanyia mazoezi. Ningekuwa mama yako, ningejifukuza mwenyewe. Kisha simu, kama kawaida yake, ikaruka kwenye odio inayofuata, nawe ukatokea chumbani kwangu bila hodi. Nilikaa chini. Nilikusikiliza mpaka mwisho, nikajua kwamba ni lazima mama yako akusikie.

Nilimfuata ufukoni asubuhi, boti za samaki zikiwa zimeshateremsha. Amerudi kwenye meza yake, Trésor. Bado wanamwita Mama Trésor, wanapita na mabeseni wakimwita jina lako kutwa nzima, na anaitika. Alikuwa anaparua kapiteni mkubwa. Nywele hazijaguswa tangu ufe, zimejaa chini ya kitambaa cheusi. Nilimwamkia, akaendelea kuparua. Nilipotoa simu alirudi nyuma. "Usinifungulie hiyo kitu yako." Na nilimwelewa. Sauti ya marehemu ndani ya simu ya mtu anayeshukiwa! Ingekuwa filamu, sisi wenyewe tungempigia kelele asiiguse.

Nikamwambia, maman, basi fungua ile ya Trésor. Fungua mwenyewe, mimi nitasimama mbali. Iko chini ya yangu.

Kisha akapangusa mkono, akaingiza kifuani, akatoa simu yako. Ilikuwa na chaji kamili. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza ni nani aliyemwonyesha odio yangu. Nilikuwa nimeshaliweka jina la Blaise mdomoni. Akasema, "Hakuna mutu. Nilikuwa natafuta sauti ya mutoto yangu. Nikakuta yako."

Ndiyo hivyo tu. Alikuwa akigusa gusa kioo akikutafuta wewe, akaniangukia mimi nikimwambia atalia bure. Akazima, na tangu hapo hakuthubutu kugusa tena. Hakukuwa na mkono wa mtu. Nilimwonea Blaise, nami nimekwisha kumwambia hivyo, ingawa bado anacheka sana na bado namwangalia.

Akabonyeza. Ukatoka katikati ya samaki, kwa sauti kubwa, ukicheka kabla hujaanza kusema. "Weye Faida! Kapiteni hailiwake ovyo! Enda kwanza uombe ruhusa kwa maman yangu. Atakukimbiza na kisu yake ya samaki mpaka Lubunga, na mto utavuka kwa miguu!"

Mama wa meza ya pili aligeuka. Mama yako aliangalia mkono wake wa pili. Kisu alikuwa amekishika, magamba yamekiganda. Akasema, si kwa ukali, "Kisu nilikuwa nayo, Faida. Sikuona mutu ya kukata."

Nililia pale mbele ya wachuuzi bila haya. Yeye hakulia. Alibonyeza tena, ukacheka tena. Akabonyeza tena. Mwisho akamgeukia yule jirani, akamwonyesha simu kwa mkono wenye damu ya samaki, akamwambia, "Huyu njo mutoto yangu. Anacheka."

Nilifikiri sana njiani nikirudi. Sisi katika zile filamu tulitaka kila mara awepo mwenye meno. Tulikasirika ikiisha bila kumwona. Nadhani mama yako naye hakuweza kukaa na homa peke yake, kwa sababu homa haina uso wa kuutazama kwa hasira. Nilikuwa karibu, nilikuwa na sauti, na nilikuwa nimejitaja mwenyewe. Simlaumu. Namlaumu tantine, lakini huyo ungemlaumu hata wewe.

Hakuniomba msamaha, nami sikuusubiri. Wala sidhani ameacha kunishuku kabisa. Lakini nilipogeuka kuondoka aliniita kwa jina. Akasema siku ya kuvua nguo nyeusi nifike asubuhi, kabla ya wageni. "Utanisuka. Pale uani, watu waone." Nilikuwa nafungua mdomo nishukuru, akaniwahi. "Lakini nywele itaanguka, nitaokota miye mwenyewe."

Nikasema ndiyo, maman. Ungekuwepo ungesema huyo ndiye mtu mmoja mwenye akili katika filamu nzima.

Siku yenyewe ni kesho, Kapiteni. Nimechemsha kitana changu, nimekata kucha fupi kabisa, ili tantine asipate la kusema, ingawa atalipata. Atakaa kunikabili akifuata vidole vyangu kimoja kimoja. Watu wataacha kunywa ili watazame. Hakuna atakayetaja jina la mtu ambaye mikono yake iko kichwani kwa mwenye msiba. Hilo mama yako alilijua aliponiita, nami nimelielewa leo tu, nikiwa nakuandikia.

Nakuahidi nitamsuka polepole, mistari midogo, bila kumvuta. Kila unywele utakaoanguka nitauacha pale pale mpaka auone na auokote. Na Jumapili zinazokuja nitakwenda kukaa naye, tusikilize odio zako moja moja kwenye simu yako, nimweleze kila mahali ulipokuwa unatania, maana ulitania vibaya na si kila mtu anaelewa. Tukimaliza zote, tutaanza upya.

Pumzika, rafiki yangu. Kesho mama yako ataniinamishia kichwa mbele ya Kabondo nzima, na mimi nitaanza mstari wa kwanza.

Wako,
Faida