Komeo Ulilonitumia Si la Baba

Bweni, Mafia

Kwako mdogo wangu Fidelis,

Amani ya Bwana iwe juu ya nyumba yako, na wote wanaolala humo waamke salama. Natumaini mvua imewafikia na mpunga umeshika. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu ambaye miguu imevimba na pumzi inamwishia mlangoni. Daktari wa Kilindoni aliniambia moyo umechoka. Nilipomuuliza umechoka kiasi gani, akaanza kunisifia minazi yangu. Nikaelewa.

Salamu zinaishia hapo. Ninaandika kwa hasira, Fidelis, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani ni uzee peke yake. Kwenye simu ungenikatia, halafu ungesema mtandao wa Mafia mbaya. Barua utaisikiliza mpaka mwisho.

Gunia la mchele lilivuka na boti ya Nyamisati, likafika hapa kwa bodaboda. Mama Shani, jirani yangu mjane anayenipikia tangu nishindwe kuinama jikoni, aliumimina kwenye ungo aanze kuchagua mawe. Nikasikia kitu kinalia kwa kishindo.

"Mzee Bene! Huko kwenu bara mchele una mifupa ya chuma?"

"Lete hapa hicho."

"Nakuletea, lakini usiniambie nikipike."

Lilikuwa komeo la bunduki, limefungwa kwenye kitambaa cha kanga na kupakwa mafuta. Nakiri nililia. Mama Shani akaona aibu kwa niaba yangu, akatoka nje kufukuza kuku ambao hawakuwapo. Nilikuomba komeo hilo tangu mwaka juzi. Kila nilipopiga simu ulikuwa na sababu: njia imekatika, shemeji anaumwa, hujapata mtu wa kumwamini. Na mimi nilikueleza wazi kwa nini nalitaka. Ninakufa. Sitaki kuacha silaha ukutani ili Mama Shani aulizwe maswali asiyojua majibu yake. Nilitaka niikabidhi serikalini ikiwa nzima, kama baba alivyoibeba.

Nikukumbushe alivyoiacha, maana inaonekana umesahau. Baba alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapigana Burma, akarudi akawa skauti wa Bwana Nyama, yule mzungu mkuu wa wanyamapori. Bunduki ile ya Kiingereza aliibeba mpaka Bwana Nyama mwenyewe akamwombea iwe yake kwa halali. Siku alipojua hatainuka tena kitandani alituita, akachomoa komeo mbele yetu. Bunduki akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeajiriwa idara ya wanyamapori na kibali ningekipata. Komeo akakupa wewe. Akasema, "Bila komeo, bunduki ni mti. Bila bunduki, komeo ni chuma tu. Mkitaka kuua kitu, mtakutana kwanza." Sisi tukacheka. Yeye hakucheka.

Nilipohamishiwa huku kisiwani kushughulika na viboko na nguruwe wanaokula mihogo ya watu, nilikuja nayo. Miaka yote imening'inia ukutani bila komeo, kama mti. Nilistaafu ikiwa hapo hapo.

Sasa macho yangu yana mtoto wa jicho. Kitu kikiwa karibu nakiona kama kilicho ndani ya maji. Lakini kwa bunduki ile sihitaji macho. Wewe na mimi tuliijua kwa vidole kabla hatujajua katekisimu. Unakumbuka baba alivyotufumba macho na kutushika mikono? Hapa taji. Chini ya taji, herufi mbili za mfalme. Chini yake kiwanda na mwaka. Kwenye mtutu, mshale wa serikali, ambao wewe uliuita unyayo wa kuku, ukachapwa, kisha baba mwenyewe akaanza kuuita hivyo. Pembeni, mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya baba: serikali imeiachia, si ya wizi. Halafu namba. Namba moja imegongwa kwenye mwili wa bunduki, kwenye mtutu, na nyuma ya mkono wa komeo. Kiwandani waligonga zote kwa mkono mmoja, ili vyuma hivi vikitengana vijulikane kuwa ni ndugu.

Nikapitisha ukucha kwenye mkono wa komeo ulilonitumia. Namba ilikuwa ya baba. Nikaipitia tena polepole. Tarakimu 4 ya Waingereza imeachwa wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa. Nne niliyoigusa ilikuwa imefungwa kichwa, na mguu wake umemeguka kidogo chini. Na pale ilipogongwa, chuma kina bonde. Mtu alipiga tupa kwanza, akafuta kilichokuwapo, ndipo akagonga upya.

Nilimwomba Mama Shani aniletee jembe langu. Akauliza kama nimepona ghafla. Ni lile jembe ulilonifulia mwenyewe nilipokuja likizo ya mwisho, ukaligonga kipimo chake karibu na shingo, kwa herufi na tarakimu zako za chuma za kugongea ulizozipata ulipohitimu ufundi kwa mapadri. Kipimo chake ni nne. Nne iliyofungwa kichwa, mguu umemeguka chini. Fidelis, ukiamua kumdanganya kaka yako, mnunulie basi hata herufi mpya!

Kwanza nilikasirika kama mzee aliyeibiwa. Nikasema kijana wa sabini na mbili ameuza komeo la baba, ameokota jingine kwa wauza vyuma chakavu. Ningekusamehe hilo. Lakini mimi nimefanya kazi na bunduki za aina hii maisha yangu yote. Nililigeuza. Ulimi wake wa kung'olea ganda la risasi umelika, na uso wa mbele umechimbika kama jino bovu. Komeo hili limefyatua risasi nyingi sana ndani ya bunduki fulani, mpaka likachoka. Komeo lililochoka hivi, mwenye bunduki hulibadilisha. Na wewe ulikuwa na zima lisilo na mikwaruzo, ndani ya sanduku lako.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Kanuti.

Mtoto wa dada yetu Rozina, mtoto tuliyemlea sote, skauti wa kijiji asiye na silaha zaidi ya panga na filimbi. Alipopigwa risasi ya goti kule bondeni akifuatilia damu ya nyati, ulinipigia simu wewe, ukalia, ukasema majangili wametoka mbali. Rozina aliniambia daktari amempa ile risasi ndani ya kichupa. Akanieleza ilivyo: ndefu, ya rangi ya shaba. Nikamwambia, dada, hiyo ni ya bunduki ya zamani ya Kiingereza, ziko nyingi. Nilisema ziko nyingi ili alale. Kanuti leo anatembea kwa gongo, na wewe ulimtengenezea gongo hilo. Rozina alinisimulia kwa kujivunia: "Fidelis kamtilia chuma chini lisilike." Nikikumbuka hilo naweka kalamu chini.

Sisemi ni wewe uliyefyatua. Sijui. Labda umewapa watu komeo la baba na kupokea nyama, ukajiambia mkono wako ni safi kwa sababu ulikuwa karakana. Lakini uliiandaa bunduki iliyompiga, na aliyekwenda nayo unamjua. Uliwapikia chai waliokuja kumpa Kanuti pole, ulikaa benchi la mbele kanisani, ulimshika Kanuti bega akijifunza kutembea upya. Jioni ukarudi nyumbani kwenye sanduku lako la vyuma. Ulipataje kula?

Afande wa polisi wa kuipokea bunduki alikuja juma lililopita. Ni binti wa Tabora, mpole, aliletwa na pikipiki kwa sababu mimi siwezi kufika Kilindoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mama Shani akamwekea kiti na kumwambia, "Mchukulie upesi, maana ameanza kuongea na jembe." Yule binti akacheka. Akamulika kwa simu yake, akasoma namba ya mwilini, ya mtutu, ya komeo.

"Zinaoana, mzee. Bunduki safi hii. Hongera kwa kuitunza."

Akafungua kalamu. Ilikuwa imekwisha, Fidelis. Wewe ungebaki na siri yako na mimi ningebaki na mdogo wangu. Nilishika mkono wa komeo, nikapitisha tena kidole kwenye ile nne. Nilimwona mama yetu, aliyenikabidhi wewe ukiwa na upele wa surua, akasema nisikuache njiani. Nikaliona na goti la Kanuti.

Nikasema, "Afande, zisome tena."

"Nimezisoma, mzee. Namba ni ile ile."

"Namba ni ile ile. Mkono ulioigonga si ule ule."

Akanitazama kama anavyotazamwa mzee anayeanza kupotea. Nikamwomba Mama Shani chokaa kidogo, nikaipaka pale penye bonde, nikaifuta kwa kidole. Chini ya namba ya baba afande akaona mikia ya namba nyingine, myeupe, hafifu kama kovu.

Binti yule hakucheka tena. "Kwa hiyo hili ni la bunduki nyingine."

"Ndiyo."

"Na la bunduki hii limo katika hiyo nyingine."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hiyo nyingine iko kwa nani, mzee?"

Ninalokuungamia ni hili, nalisema mwenyewe usije ukalisikia kwa watu. Yeye hakuwa ameona kitu. Ni mimi niliyemwonyesha. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Nilitaja jina lako, jina la baba, na kijiji chetu, nikamtajia hata mti ulio mbele ya karakana. Padri nimeshamweleza, na sikumwambia kwamba ninajuta, kwa sababu sijui kama ninajuta. Ninachojua ni kwamba nimekukasirikia kiasi ambacho sikujua mwili huu mbovu unaweza kukibeba.

Nilimwomba jambo moja tu: asubiri barua hii ikufikie, upate nafasi ya kuitoa bunduki hiyo kwa mikono yako mwenyewe. Akaniambia hawezi kuahidi siku nyingi. Kwa hiyo usikae ukifikiri.

Msalimie shemeji, mke wako, ambaye najua hana analolijua. Wasalimie wanao, na katekista wetu. Kanuti umwambie mjomba wake anamwombea. Dada Rozina usimpe salamu zangu ukiwa umesimama mlangoni. Ingia, kaa chini, umweleze yote kabla hujamtajia jina langu.

Nenda kituoni ukiwa na bunduki hiyo na komeo la baba ndani yake, nami nitakufa nikijua bado nina mdogo. Ukikimbia, utakuwa umenijibu ni nani aliyefyatua.

Mimi kaka yako niliyekutaja,

Benedikti