Jumba la Bi Muzna

Tanga, 4 Februari 2024

Babu yangu Humaid,

Shikamoo. Mjini huku wazima, hofu yetu ni mguu wako tu. Plasta wanaitoa lini? Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia, na wewe ukanijibu habari za nazi.

Babu, Ami Ziyad anataka kuuza jumba. Mnunuzi amekuja na wapimaji, wamechora misalaba myekundu kwenye nguzo za baraza. Atalibomoa ajenge maduka ya vioo. Kikao cha ukoo ni tarehe 18. Ami ndiye msimamizi wa mirathi, lakini mrithi mmoja akikataa kikaoni, inaandikwa kwenye muhtasari na mauzo yanasimama. Mama Bertha, fundi cherehani wa ghorofani, ameniuliza ataenda wapi. Nilishindwa kumjibu. Unanijua: shuleni nikiulizwa kwa Kiingereza nasahau Kiingereza, nikiulizwa kwa Kiswahili nasahau vyote viwili.

Mjukuu wako,
Azza


Mwera, 10 Februari 2024

Mjukuu wangu Azza,

Marahaba. Nakula, nalala, ila kusafiri bado nimekatazwa.

Ziyad hajui anachouza. Mama yangu, Bi Muzna, aliuza mashamba mawili ya minazi hapa Mwera akalijenga mwaka 1936. Milango minane chini, yote ya nguo. Watu wa mkonge walikuja na wake zao, wakachagua kitambaa chini, wakapanda kushonewa juu, wakashuka wamevaa. Mkesha wa Idi na wa Krismasi hatukufunga maduka. Mama yake Bertha alishonea kwenye dirisha lile lile la Bertha. Mwaka 1971 Serikali ilipochukua majumba ya kupangisha, mama alituita ukoo mzima tukalale humo, watu ishirini na mmoja na mbuzi wawili, ili afisa akija aone ni nyumba ya kukaa. Afisa alimkuta mbuzi kwenye ngazi, akacheka, akaenda zake.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, nimeigundisha. Inasema mimi Humaid sikubali. Ifungue kikaoni, uisome wewe, kwa sauti. Usimpe Ziyad, ataitia mfukoni.

Babu yako,
Humaid


Tanga, 2 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Natumai mguu unaendelea vizuri. Kikao kilikwisha salama, watu walikuwa wengi. Nina mitihani. Nitakuandikia zaidi.

Mjukuu wako,
Azza


Mwera, 21 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba, na Idi ilikuwa njema. Umekuwa kimya, nadhani ni hiyo mitihani.

Msikiti mzima nimewaambia: mtoto anayeona haya kuagiza maandazi amesimama mbele ya wanaume akamzuia Ziyad! Naye alikuja Ijumaa baada ya Idi, na halua mkononi. Ananiambia, "Ami, kikaoni hakuna barua iliyosomwa." Nikamwita muongo mbele ya watu waliokuwa wakitoka kuswali. Nikamwambia asikanyage kwangu tena, na siku nikifa asishike jeneza langu. Mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe. Alilia, mtu mzima yule. Sikumwonea huruma.

Bertha msalimie.

Babu yako,
Humaid


Tanga, 6 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Nakuomba ukae kwanza.

Ami Ziyad hakusema uongo.

Nilifika nimechelewa, na sare ya shule, barua yako ndani ya daftari. Wazee walishakaa kwa mstari. Wewe ulinifundisha nisimpite mzee bila kumbusu mkono, basi nikaanzia mwisho, mmoja mmoja, kumi na moja. Wa kumi na moja alikuwa Ami. Hakuniachia mkono. "Marahaba mwanangu, kaa hapa na mimi." Nikakaa. Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wa mtaa, akauliza, "Upande wa Mzee Humaid?" Ami akasema, "Si huyu, hamuoni kakaa wapi?" Watu wakacheka.

Mzee Mwinyijuma hakucheka. Alinitazama. "Binti, una neno?" Babu, aliniuliza. Na alisubiri, kalamu juu. Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Nikatikisa kichwa. Akaandika familia imeridhia, akanipa karatasi ya mahudhurio, nikatia sahihi chini ya jina la Ami.

Nimekuwa nikijiambia ilikuwa adabu. Haikuwa adabu. Niliogopa sauti yangu tu.

Walianza kubomoa Machi. Mama Bertha alishusha cherehani kwa kamba dirishani, sasa anashonea kibarazani Makorora, jua linampiga mpaka saa tisa. Hajaniuliza kitu. Barua yako ya msikitini niliisomea pale pale lilipokuwa jumba, Barabara ya Soko, nimeegemea mabati waliyozungushia shimo.

Tafadhali mwite Ami. Mwambie ni mimi.

Mjukuu wako,
Azza


Tanga, 14 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Hali yako? Hii ni ya tatu tangu Mei. Ami anasema hujamwita. Haniulizi kwa nini namuuliza.

Nilidhani zinapotea njiani, nikamsimamisha Hosea alipokuja mjini, yule dereva wa bodaboda anayekuletea kutoka Pangani. Anasema zote mbili alikukabidhi mkononi. Anasema kila mara ulivaa miwani, ukautazama mwandiko, ukaiweka chini ya mkeka bila kuifungua, ukamkaribisha maji.

Mjukuu wako,
Azza