Mwajuma Kalipwa, Mimi Nimeambiwa Nimeacha Kazi Mwenyewe

Dada Sesi,

Shikamoo. Marahaba yako najua haitakuja, ila nikianza bila salamu utaninunia huko huko uliko. Nina wivu, dada. Nina wivu mpaka chakula hakipiti vizuri, na hapa Bigwa sina wa kumwambia, maana ninayemwonea wivu ni Mwajuma wako, na nikimtaja tu watu wanasema, ah, yule dada mwenye roho nzuri aliyemlilia sana marehemu.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Ulipofariki, chumba chetu cha kufulia pale hotelini hakikuwa na msimamizi tena. Mashuka tulikunja vile vile ulivyotufundisha, "kunja kama unamkunjia mama mkwe," ila wageni wakapungua, na siku moja meneja akaingia. Mimi nimeshika ncha hii ya shuka, Mwajuma kashika ile. Akasema, "Jamani, kuanzia kesho msije. Kazi hakuna." Basi, akageuka akaondoka zake.

Mwajuma aliliachia shuka likaanguka sakafuni. Unamjua mtu wa Dumila, kakulia stendi. Alikwenda mapokezi akapiga kelele hadi wageni wakaacha chai, kwamba hatoki pale bila barua. Wakamwandikia barua ya kumwachisha kazi ili anyamaze tu. Akaichukua, akatoka hajamuaga hata mlinzi.

Na mimi? Mimi nikafanya mambo yetu ya mlimani. Nikapanda kwetu juu, mama akanikatia mkungu wa ndizi mbivu na maparachichi, nikarudi hotelini nikapita kila mahali, jikoni, bustanini, getini, nikashukuru, nikaomba radhi kama kuna niliyemkosea, nikagawa. Mpaka kwa meneja nikaingia. Alipokea parachichi kwa mikono miwili huku anatabasamu. Barua sikuomba, niliona aibu kumdai mtu barua siku ya kuagana.

Sasa sikia. Ule Mfuko wa hifadhi ya jamii tuliokuwa tunakatwa kila mwezi, na wewe ukilalamika kila mwezi, kumbe una fao la kukosa ajira. Ni kwa mtu aliyepoteza kazi bila kutaka mwenyewe. Mwajuma akapeleka barua yake, akalipwa. Mimi nikapeleka maombi yangu, nikaitwa. Mama wa dirishani, mtu mzima mwenye heshima zake, akanisomea kwa sauti ya chini: maombi yamekataliwa, mwajiri anasema niliacha kazi kwa hiari yangu, tena niliaga wafanyakazi wote kwa furaha na kuwagawia matunda. Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, kweli uligawa matunda?" Nikasema niligawa. Akashusha pumzi.

Jamani! Aliyeondoka kwa matusi kalipwa, mimi niliyeondoka kwa adabu ndiyo nimenyimwa. Wiki ile ile Mwajuma akanunua jiko la gesi, na chapati za kwanza akaniletea mimi. Zilikuwa laini. Nilizimaliza zote na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Lakini wivu huu haukuanza na fao, wacha niseme ukweli. Ulianza msibani kwako. Mwajuma aliketi mkekani ubavuni kwa mama yako, wageni wote wakimpa pole yeye kama ndugu wa tumbo moja. Mimi niliyekujua tangu shule ya misheni, mimi ambaye mama zetu wanachota maji mto mmoja, nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi za watu kula. Mama yako akampa kitenge chako cha bluu. Mimi nikapewa sufuria nirudishe kwa jirani. Mpaka leo Mwajuma anampigia mama yako simu na kumwita Mama, na mama anaitika kwa ile sauti aliyokuwa anakuitikia wewe. Inaniuma, dada. Inaniuma kweli kweli.

Na ona mkosi ulivyo. Yule mama wa dirishani aliniambia nisikate tamaa, uamuzi unaweza kupingwa, niandike pingamizi na nilete mtu aliyesikia kwa masikio yake nikiachishwa kazi. Aliyesikia ni nani? Mtu aliyeshika ncha ya pili ya shuka. Nilikaa siku kadhaa nikijiambia bora nife njaa. Halafu Neema wangu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule, na mwenye nyumba akawa anapita mlangoni akikohoa bila kuwa na kikohozi. Nikafunga kilemba nikaenda kwa Mwajuma. Nilitaka anikatalie, nikuambie wazi, nilitamani sana anikatalie ili nipate cha kumchukia. Hakuuliza hata swali. Akasema tu, "Lini?"

Siku ya kusikilizwa tukakaa mezani na maofisa, meneja naye akiwa upande wa pili kajipaka manukato. Akarudia maneno yake: huyu mama aliaga mwenyewe, jiko zima ni mashahidi. Mwajuma akaweka barua yake mezani. Akasema tulifukuzwa kwa sentensi moja, mimi na yeye, na shuka moja mikononi. Kisha akaendelea kwa ule mdomo wake unaoujua.

"Waheshimiwa, hawa watu wa milimani mnawajua? Hawa hata wakienda chooni wanaaga. Huyu kugawa ndizi ndiyo mnasema kaacha kazi? Bosi wetu marehemu Sesi, siku anapelekwa hospitali, hata kukaa hawezi, alimwomba dereva asimame hotelini. Tukatoka wote, akatuaga mmoja mmoja akiwa kalala kiti cha nyuma. Meneja, wewe mwenyewe alikushika mkono. Na yeye tuseme aliacha kazi kwa hiari?"

Meneja akaangalia vidole vyake, halafu akasema polepole kwamba ni kweli, siku ile aliwaambia wote wawili wasije. Ofisa akaandika. Mwajuma alikuwa analia, na mimi nikalia, wakafikiri ni furaha.

Haikuwa furaha. Sikuwahi kuambiwa habari ya lile gari, Sesi. Siku ile nilikuwa zamu ya kupumzika, nimepanda kumwona mama. Ulimuaga mpishi. Ulimuaga mlinzi. Ulimuaga Mwajuma, hata meneja ulimuaga, na mimi nilisikia hayo mezani kwa maofisa, kama mpita njia. Uamuzi umegeuzwa, fao langu limekubaliwa, Neema atarudi darasani, na bado nilitoka pale nikimwonea Mwajuma wivu kuliko siku ya jiko la gesi.

Nje, chini ya paa wanaposimama bodaboda, nilimshika mkono nikamuuliza ulimwambia nini. Akafuta pua na ncha ya kanga. Akasema hukumwambia mengi, ulimwambia afunge maji ya kufulia tu, ila uliuliza, "Vero yuko wapi?" Akakujibu nimepanda kwetu. Akataka anipigie simu. Ukamkataza. Ukasema, "Mwache. Vero simuagi hapa barabarani. Nikirudi nitakaa naye vizuri."

Nimemfanya arudie mpaka kachoka. Jana tena nimempigia nikamuuliza, alisema hivyo kweli? Akacheka, akasema mimi wivu utaniua.

Hukurudi, dada yangu. Ulitaka tukae vizuri na hukurudi, na mimi tangu tukuzike sijapanda kuja kukuona, nilikuwa nimekununia. Basi Jumamosi nakuja. Nitapanda asubuhi kabla jua halijawa kali, nitapalia pale palipoota majani, na nitakaa. Sitakuwa na haraka, siku hizi sina zamu. Nitakuambia kila kitu nilichokuwa nakuwekea, na wewe utasikiliza, na nikimaliza ndiyo tutaagana.

Mwajuma kaomba tufuatane. Nimemwambia tutakuja wote, nakuahidi nitamleta, ana haki yake. Lakini si Jumamosi hii. Yeye ulishamuaga.

Lala salama, Sesi wangu.

Ni mimi,
Vero