"Haya" ya Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya mwisho ya majaribio. Jumatatu ijayo bosi anampa mwenye kiwanda neno lake — nibaki au nifungashe virago. Nimetandika kitambaa cha sare za wauguzi mapema, tabaka kwa tabaka, chaki tayari. Bosi kapita, futi ya kupimia shingoni. Washonaji wanamwita Bi Futi, akiwa mbali. Nikamwuliza kuhusu kola. "Haya." Kuhusu vifungo. "Haya." Miezi mitatu, na mazungumzo yetu yote yangeenea kwenye kiberiti! Mimi mdomo wangu hauna breki, wake una kufuli.

Dada anasema nisimpapatikie bosi, nifanye kazi tu. Rahisi kwake — nyumba ni yake. Mimi ndiye mgeni asiyeondoka, na kila jioni shemeji anauliza kama barua ya kazi imetoka.

Jumanne, 4 Machi

Karatasi ya oda haikusema mikono ya sare iwe mifupi au mirefu. Nikamfuata ofisini. Alikuwa kwenye simu. Nikamwambia haikuandikwa, nadhani ni mifupi, nikate? "Haya."

Nikakata. Sare arobaini, mikono themanini, kabla ya saa sita! Nimejiona mtu. Nilitaka aje aone kasi yangu. Hakuja.

Alhamisi, 6 Machi

Mirefu. Mwenye oda alitaka mirefu.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilishindwa kuandika zaidi ya hapo, kwa hasira kuliko hofu. Bosi alisimama mbele ya meza yangu, akaokota mkono mmoja, akaupima kwa futi ingawa ufupi wake hata kipofu angeuona. Akauliza nani kasema nikate. Nikajibu ni yeye, alisema haya. Cherehani zote zikanyamaza — yakabaki masikio.

Akasema, "Haya yangu maana yake nimesikia. Sijasema ndiyo."

Nimeamka nayo. Mtu mzima anawezaje kutumia neno moja kwa mambo yote? Halafu, katikati ya kupiga mswaki, nikajikamata mwenyewe. Nilimwuliza akiwa kwenye simu. Mkasi nilikuwa nao mkononi tayari. Nilisikia nilichotaka kusikia. Aibu imenipanda mpaka masikioni.

Nikamwahi kabla hajakaa. Hotuba niliyoiandaa njiani ikayeyuka yote. Nikasema haraka ni kosa langu, ila haya zake zinanichanganya, naomba nikiuliza aniambie kata au usikate. Nami sitamwuliza tena akiwa kwenye simu. Akanitazama mpaka nikaanza kuutafuta mlango kwa macho. Akasema ana miaka kumi na tisa humu, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Sijui ilikuwa sifa au lawama.

Kisha akauliza mimi ningefanyaje. Mimi! Nikasema kitambaa kilichobaki kinatosha kuunga mikono kwenye kiwiko, na juu ya mshono tupitishe mkanda, ionekane ni mtindo. Akafikiri.

"Kata."

Nusura nimkumbatie. Nimejizuia, namshukuru Mungu.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne. Naandika kwenye meza ya kukatia, nyuma ya majora ya kitambaa. Jumamosi tulifanya kazi kutwa, mimi nakata, yeye anashona, na sidhani kama maneno ishirini yalifika. Lakini sikuyahitaji. Mikono imetoka vizuri. Ila ni ya kuungwa, na mwenye oda si mgeni wa nguo.

Mwenye oda yuko ofisini sasa hivi, pamoja na bosi na mwenye kiwanda. Ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu. Mwenye oda anauliza mkanda huu umetoka wapi, yeye hakuuagiza. Mwenye kiwanda anauliza kama ni yule mkataji mpya ndiye kaharibu, maana barua yake ya kazi bado hajaisaini, kumwondoa ni rahisi.

Bosi anasema, "Tulikosea. Mimi na mwenzangu."

Mwenzangu. Nimeandika kama nilivyosikia.

Mwenye kiwanda anasema kosa la watu wawili halijulikani ni la nani, ataje mmoja. Ni mimi au yeye. Kiti kinasogezwa. Mwenye kiwanda anauliza mara ya pili, sauti imepanda.

Mkasi nimeuweka chini. Sijaitwa. Naingia niseme aliyekata ni mimi —