Gurudumu la Udongo

Jumanne, 1 Juni 1954
Baridi kali. Nimefinyanga vyungu vinne, vidole vikafa ganzi, nikaacha. Elia, mume wangu, amerudi kutoka kiwanda cha mbao na gurudumu lake la bati. Mapanga yake, kama ya feni, yamejikunja tena. Anataka pumzi ya moto wa tanuri ilizungushe, liendeshe msumeno mdogo. Moto unayalegeza mapanga kila mara. Nikamwambia tutengeneze la udongo. Akacheka. Nimekasirika. Mimi mzaliwa wa Lupingu, kwa wafinyanzi. Udongo naujua kuliko yeye anavyokijua chuma.

Jumatatu, 7 Juni
La kwanza la udongo limepasuka kwenye tanuri la kiwanda, lilipoanza kwenda kasi. Kigae kimenichana shavu. Msimamizi wa kiwanda, Mzungu, akasema, "Udongo ni wa vyungu, mama." Ametukataza tanuri lake. Sawa. Tutajenga letu hapa Mahongole.

Jumamosi, 19 Juni
Nilitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, nikavichanganya na udongo mbichi. Chungu cha namna hiyo hakishtuki motoni. Gurudumu la pili likakaa siku nane kivulini, kisha nikalichoma katika tanuri letu. Upande mmoja mzito. Nimeusugua kwa jiwe hadi vidole vikatoka damu. Elia amelifunga waya ukingoni lisitawanyike. Hacheki tena.

Jumatano, 23 Juni
Limezunguka! Tangu kengele ya shule ya asubuhi hadi watoto walipotoka. Hata panga moja halikujikunja. Majirani wamejaa uani. Nimelia mbele yao. Sijali.

Ijumaa, 25 Juni
Msimamizi amekuja. Amesikia. Anataka kulipeleka Njombe kwa wakubwa. Karatasi keshaandika: kazi yake yeye. Nikauliza jina langu liko wapi.
"Wewe mfinyanzi tu."
Elia akatazama chini. Nikalinyakua gurudumu, nikalipiga kwenye jiwe la mlangoni. Vipande.
"Haya, bwana. Nenda kafinyange lako."
Elia kafukuzwa kazi palepale. Naogopa. Lakini sijutii, na nikiulizwa kesho nitasema hivyohivyo.

Jumatatu, 28 Juni
Siku tatu Elia hajanisemesha. Leo kaondoka na baiskeli bila kuaga. Nikadhani kaenda Makambako mjini kutafuta kazi. Amerudi jioni, matope hadi magotini, gunia la udongo wa mtoni nyuma ya baiskeli. Sikumwagiza. Ameuweka kivulini, akaufunika kwa majani mabichi usikauke.
Nimetenga ugali. Tumekula sahani moja.