Baleti Waliyoikatakata Riyadh

Nuzha, Jeddah

Dada yangu Wairimu,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na wote walio hapo nyumbani. Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kwa ajili ya ngazi za nyumba hii. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, imeshafanywa upya, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.

Dada, nimeona baleti kwenye ukumbi mkubwa, na nimetoka na hasira.

Madam alitupeleka Riyadh kwa ndege, mimi na bintiye Lulwa, mtoto wa miaka tisa anayejifunza kudansi. Kundi moja kutoka nje lilikuwa limeirudisha jukwaani ile baleti ya zamani tuliyocheza vipande vyake mimi na wewe katika ukumbi wa kanisa, Mwalimu akitugonga vifundo vya miguu kwa rula. Jina la kundi sitaliandika, halistahili wino wangu.

Muziki ulitoka kwenye spika. Wasichana walijipanga kama nguo zilizoanikwa, kila mkono na urefu wake. Viatu viligonga mbao hadi nikadhani kuna seremala nyuma ya pazia. Mwanamume alimwinua mwenzake kama mtu anayepandisha mtungi wa gesi ghorofani. Hayo ningesamehe. Lakini ilipofika pale mchezaji mkuu anaposimama kwa mguu mmoja bila kushikwa na mtu, pale ulipokuwa ukilia ukijifunza, yule mwanamke alizunguka jukwaa mbio mbio akitabasamu, basi. Sehemu hiyo wameikata! Na watu wakapiga makofi.

Garini, tukielekea uwanja wa ndege, Lulwa aliniuliza kama nimependa. Nilitaka kunyamaza, unazijua kazi zetu hizi. Lakini mtoto alikuwa ameshaanza kuiga lile tabasamu. Nikamwambia hapana, wale ni wavivu, na wamemficha sehemu nzuri kuliko zote. Madam akasikia. Aliuliza mfanyakazi wa nyumbani anajua nini kuhusu baleti, kisha akasema halas, basi yaishe, na hakunisemesha tena hadi Jeddah. Nikajua narudishwa kwa ajenti. Nilikunja hata nguo zangu.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, aliniita sebuleni akaniambia nimwonyeshe hicho kilichokatwa. Nilivua sendo, nikakunja zulia, nikainuka kwa mguu mmoja. Nilihesabu kimoyomoyo hadi sita, goti likanisaliti, nikadaka kiti. Ilikuwa vibaya sana. Mwalimu angenifukuza ukumbini.

"Hata wewe umeanguka," madam akasema.

"Ndiyo, madam. Lakini mimi nimejaribu."

Halafu akauliza nani alinifundisha, nikamweleza, nikamwambia pia kwamba wewe ulikuwa hodari kunishinda. Tangu hapo, kila siku baada ya alasiri, nusu saa, sebule ni yangu na Lulwa. Usidhani tumekuwa marafiki. Madam bado ananiita "wewe", na vyombo vinanisubiri palepale nilipoviacha.

Umeniandikia kwamba utaiondoa sehemu hiyo kwenye onyesho la wanafunzi wako, kwa kuwa ni ngumu na wazazi hawatagundua. Usithubutu, dada. Ndivyo na hawa wa Riyadh walivyoanza, nina hakika. Wazazi hawatagundua, lakini watoto watajua umewaona hawawezi.

Nisalimie mama, na shemeji fundi wa umeme, na shangazi wa duka la vitambaa aliyetushonea zile sketi. Mwalimu ukimwona, usimwambie habari za goti.

Jana Lulwa alisimama hesabu nne. Akaanguka, akainuka, akarudia, wala hakugeuka kuangalia kama mama yake anamtazama.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Nyambura